Matatizo ya Baada ya Kubadili Oili ya Injini Nyumbani: Dalili, Chanzo na Dawa Yake

Kumwaga oili na kuweka nyingine ni kazi ya saa moja. Usumbufu huja baadaye: doa jeusi chini ya gari asubuhi, taa nyekundu inayogoma kuzimika, moshi unaotoka chini ya boniti, stiki ya kupimia oili inayoonyesha imepita kiasi. Malalamiko haya hujirudia, na mengi yanatoka sehemu tatu tu: washa (pete ya kuzibia) ya bolti ya sampu (bakuli la oili chini ya injini), mpira wa filta, na stiki iliyosomwa vibaya. Anzia hapo kabla ya kulaumu injini.

Vipimo vinavyotajwa hapa ni vya injini ya Toyota 1NZ-FE, iliyomo kwenye IST, Probox, Premio na Allion nyingi za cc 1,500. Inachukua oili lita 3.7 ukibadili na filta, lita 3.4 ukiiacha filta ya zamani. Bolti ya sampu hufunguliwa kwa spana namba 14 na hubanwa kwa nguvu ya Nm 37 hivi (nyutoni-mita, kipimo cha nguvu ya kukaza). Kama injini yako ni nyingine, tafuta namba zake kwenye kitabu cha gari. Hatua za ukaguzi hazibadiliki.

Jambo moja kabla ya kuingia chini ya gari: jeki ni ya kunyanyulia, si ya kushikilia. Weka gari kwenye stendi za chuma, sehemu tambarare na ngumu, hendibreki juu, magurudumu ya nyuma yamewekewa kabari. Tofali halifai. Huonekana gumu, kisha hupasuka ghafla bila kutoa dalili yoyote.

Taa nyekundu ya oili haizimiki

Hii ndiyo dalili isiyosubiri. Taa yenye picha ya birika inasoma presha ya oili, haisomi ujazo. Ikiwaka injini ikiwa inanguruma, maana yake oili haisukumwi ipasavyo na vyuma vya ndani viko karibu kusuguana vikavu. Dakika chache tu zinatosha kunokisha injini.

Baada ya kuweka filta mpya ni kawaida taa ikae sekunde 3 hadi 5, kwa sababu filta ilikuwa tupu na pampu inaijaza kwanza. Usikanyage mafuta katika sekunde hizo. Zikifika 10 na taa bado inawaka, zima.

Chanzo cha kwanza ni oili pungufu. Watu husahau kurudisha bolti, au humimina lita 2 na kukatishwa na simu. Subiri dakika 5, vuta stiki, ifute, irudishe hadi mwisho, ivute tena. Ikiwa oili haifiki alama ya chini, ongeza. Kisha chungulia chini ya gari: kama kuna dimbwi, ruka hadi sehemu ya kuvuja hapa chini na usiwashe tena.

Oili ikiwa sawa na hakuna kinachovuja, angalia filta yenyewe. Filta isiyo ya injini hiyo inaweza kushika meno vizuri kabisa na bado mpira wake usikae panapotakiwa. Linganisha na ile ya zamani: upana wa mpira, ukubwa wa tundu la katikati, meno.

Halafu kuna waya wa swichi ya presha, na hapa wengi hukosea. Kwenye mfumo wa kawaida wa waya mmoja, waya ukichomoka taa haiwaki, inakufa kimya. Taa huganda ikiwaka pale waya unapogusa bodi, au swichi yenyewe ikiwa imeharibika. Kwa hiyo baada ya kila kazi ya chini fanya jaribio hili: washa swichi bila kupiga stata, uone kama birika linawaka. Lisipowaka, unaendesha gari lisilo na mlinzi.

Yaliyobaki ni ya fundi: pampu kushindwa kuvuta, au chujio la ndani ya sampu kuziba kwa tope la oili ya zamani au vipande vya silikoni. Fundi atafungua swichi na kuweka geji ya presha mahali pake. Usiendeshe gari hadi gereji huku taa inawaka, hata kama ni mtaa wa pili. Ita gari la kuvuta.

Oili inadondoka chini

Kabla ya kukaza chochote, jua inatoka wapi. Ukimwaga oili, nyingine hutapakaa kwenye kava la chini na kwenye vyuma vya jirani, na huendelea kudondoka siku moja au mbili bila kuwa na uvujaji wowote. Futa kila kitu kwa kitambaa kikavu, kuanzia filta hadi bolti. Paka poda ya mtoto kwenye chuma kilichokauka, tandika kadibodi chini, washa injini dakika 5 ikiwa imesimama. Zima, chungulia. Oili mpya itachora mstari wa kahawia kwenye poda, na mwanzo wa mstari huo ndio mgonjwa wako. Oili hutiririka kushuka na upepo huirudisha nyuma, kwa hiyo mahali inapodondokea mara nyingi sipo inapotokea.

*Kwenye bolti ya sampu.* Karibu kila mara ni washa. Washa hukandamizwa mara moja na kuchukua umbo la vyuma viwili vinavyoibana. Ukiirudisha ya zamani, makunyanzi yake hayakai tena palepale. Kuna bolti huonekana hazina washa kabisa, kumbe iliganda kwenye sampu, na ukiweka mpya juu yake unapata mbili zinazosukumana. Pitisha kucha pembezoni mwa tundu uhakikishe chuma ni kitupu.

Dawa si kukaza zaidi. Nm 37 kwa spana ya sentimita 20 ni sawa na kuvuta uzito wa kilo 19 hivi mwishoni mwa spana: mkono mmoja, bila kujitutumua. Nunua washa mpya, kinga oili kwenye beseni safi lililofutwa vizuri, badilisha washa, rudisha oili ileile. Washa ya shaba pekee ndiyo inayoweza kulainishwa, kwa kuichoma hadi iwe nyekundu kisha kuiacha ipoe.

*Bolti inazunguka bila kubana.* Meno yameisha. Hutokea bolti ilipoanzishwa kombo kwa spana badala ya kuanzishwa kwa vidole, au iliponyongwa mwaka hadi mwaka. Anza na bolti mpya, M12 (kipenyo cha milimita 12) yenye meno ya 1.25 (milimita kati ya jino na jino), kwani mara nyingine iliyokufa ni bolti, sampu ni nzima. Ikigoma, mpelekee fundi wa mashine atoboe na kuweka meno mapya ya chuma, au badilisha sampu. Zile bolti nene zinazojichongea meno zenyewe hukata vipande vya chuma na kuviangusha ndani ya sampu. Zichukulie kama msaada wa kukufikisha gereji, si tiba. Usiweke tepu ya bomba, gundi wala silikoni kwenye meno. Inayobanduka ndani huishia kwenye chujio la pampu, na kutoka hapo unarudi kwenye taa nyekundu.

*Kwenye filta.* Ikivuja kidogo, huenda haikukazwa au mpira ulikauka. Mpira wa filta mpya hupakwa oili kwa kidole, filta inazungushwa kwa mkono hadi mpira uguse, kisha robo tatu ya mzunguko zaidi. Kwa mkono, bila spana.

Ikivuja kwa wingi, na zaidi unapokanyaga mafuta, shuku mipira miwili. Mpira wa filta ya zamani huganda kwenye injini, ya zamani inatoka bila mpira wake, na mpya inafungwa juu yake. Gari linaweza kusimama kimya bila tone hata moja, kisha barabarani mpira wa juu unasukumwa nje na lita zote zinamwagika ndani ya dakika chache. Ndiyo maana kabla ya kutupa filta ya zamani unaigeuza na kuutazama mdomo wake: mpira upo au haupo? Kama haupo, uko kwenye injini. Ukaguzi huu wa sekunde tano umeokoa injini nyingi kuliko oili yoyote ya bei mbaya.

*Juu zaidi ya filta.* Angalia kifuniko cha kujazia, kisha gasketi ya kava la valvu. Kama oili inatokea pale injini inapoungana na gia boksi, hiyo ni sili ya nyuma ya krenki (mhimili mkuu wa injini). Haikuharibiwa na kazi yako, ilikuwa imechoka tayari, na kuifikia kunahitaji gia boksi ishushwe. Mwachie fundi.

Stiki inaonyesha oili imezidi

Chanzo kikubwa ni dumu. Oili nyingi huuzwa kwa dumu la lita 4 au 5, injini inataka 3.7, na mkono unamaliza dumu. Pia gari likiwa limenyanyuliwa mbele tu, oili ya zamani hujikusanya nyuma ya sampu na haitoki yote. Mimina lita 3.3 kwanza, washa dakika moja, zima, subiri dakika 5 gari likiwa tambarare, pima, kisha ongeza kidogo kidogo. Ukisoma stiki tazama pande zote mbili na uamini upande ulio chini. Upande wa pili huwa umepakwa na ukuta wa bomba.

Nusu sentimita juu ya alama haiui gari, lakini ipunguze. Ikizidi sana, krenki huichapa oili hadi inatoa povu, pampu inavuta hewa badala ya oili, na nyingine hupandia kwenye njia ya hewa na kuungua. Njia safi ya kupunguza ni bomba kubwa la sindano na mpira wa dripu ulioshushwa kwenye tundu la stiki. Unavuta mililita 50 kwa mara, bila kugusa bolti.

Kama stiki imepita alama kwa kipimo cha kushangaza, karibu maradufu, simama na usome sehemu inayofuata kabla ya kuwasha.

Gari halisogei, au gia zinateleza, baada ya kubadili oili

Umemwaga mafuta ya gia boksi badala ya oili ya injini. Kosa hili hutokea kwa watu makini kabisa, kwa sababu chini ya gari kuna bolti mbili zilizokaribiana. Oili ya injini iliyotumika hutoka nyeusi au kahawia nzito. Mafuta ya gia boksi ya otomatiki huwa mepesi, mara nyingi mekundu au yaliyofifia kutoka kwenye wekundu, na harufu yake ni tofauti. Kichwa cha bolti nacho kinasema: kwenye gia boksi nyingi bolti ina tundu la pembe sita kwa ndani linalofunguliwa kwa L-kii, na ya sampu ya injini ina kichwa cha kawaida cha spana.

Matokeo yake: gia boksi tupu, injini ina lita 7. Usiwashe, na kama umeshawasha, zima. Usijaribu kuweka D kuona kama litakubali. Punguza oili ya injini hadi alama. Gia boksi inahitaji mafuta ya aina iliyoandikwa kwenye kitabu, kwa kiasi kilekile kilichotoka, kisha upimaji wa mwisho mafuta yakiwa na joto maalumu. Kama ni CVT (otomatiki isiyo na hatua za gia), mafuta ya otomatiki ya kawaida yataiharibu. Kwa kuwa kosa la pili hapa ni ghali kuliko la kwanza, mwite fundi wa gia boksi aje ulipo. Kama lazima livutwe, magurudumu yanayoendesha yasiguse barabara.

Bolti au filta imegoma kufunguka

Washa injini dakika 3 hadi 5 ipate uvuguvugu, usingoje ichemke. Oili ya moto inaunguza mkono kabla hujaiachia. Bolti hufunguka kinyume cha saa ukiwa umeitazama uso kwa uso. Ukiwa umelala chali akili hugeuka, na bolti nyingi zilizokufa zilikuwa zinakazwa na mtu aliyedhani anafungua. Tumia soketi ya pembe sita, si spana ya mdomo wazi.

Kichwa kikishaanza kuwa mviringo, gonga kwa nyundo soketi namba 13 ijishindilie juu yake, au bana kwa vaisigripu (koleo la kujifunga). Kisha nunua bolti mpya, usiirudishe hiyo. Usiongeze bomba refu kwenye spana gari likiwa juu: nguvu hiyo inaweza kulisukuma likatoka kwenye stendi, na wewe uko chini.

Filta iliyoganda ifungie kipande cha msasa uso wa mchanga ukiwa ndani, uzungushe kwa mikono miwili. Ikigoma, kopo la kufungulia filta au mkanda wake. Kutoboa kwa bisibisi huchana bati na kukuachia shina tupu lisiloshikika. Kama umefika huko na filta haijazunguka, hapo ndipo pa kuacha.

Moshi

Tofautisha moshi wa chini ya boniti na wa ekzosi. Wa chini ya boniti, wenye harufu ya oili kuungua, mara nyingi ni matone yaliyomwagikia ekzosi wakati wa kujaza. Huisha baada ya nusu saa ya safari. Kama hauishi, angalia kifuniko cha kujazia. Kikisahaulika juu ya betri, oili hutapakaa injini nzima, na sailensa ya gari (mzunguko wa injini gari likiwa limesimama) nayo huyumba kwa kuwa hewa inaingia pasipotakiwa. Oili inayotiririkia ekzosi ya moto inaweza kushika moto. Ukiona mtiririko, zima na usogee mbali.

Moshi wa bluu kwenye ekzosi: kwanza ujazo uliozidi. Ujazo ukiwa sawa, valvu ya PCV (inayotoa hewa chafu ndani ya injini) iliyoziba, ambayo ukiichomoa na kuitikisa inapaswa kulia. Moshi ukitoka unapowasha asubuhi tu kisha ukaisha, ni sili za valvu. Ukitoka unapokanyaga mafuta, ni ringi za pistoni. Hayo mawili ya mwisho yanahitaji fundi.

Injini inatoa sauti mpya

Sauti ya tiki-tiki kwa sekunde 2 au 3 kila asubuhi huelekeza kwenye filta. Filta nzuri ina mpira wa ndani unaozuia oili kurudi sampu gari likilala. Filta feki haina, au unao mgumu kama plastiki. Badilisha.

Tiki-tiki isiyoisha: pima ujazo, kisha angalia uzito wa oili. Injini yenye VVT-i (mfumo wa Toyota wa kubadili muda wa valvu kufunguka) iliyotengenezewa oili nyepesi ya 5W-30 ukiiwekea nzito ya 20W-50, oili inachelewa kufika juu, na taa ya injini inaweza kuwaka kwa sababu mfumo huo unaendeshwa kwa presha ya oili. Kauli ya «nchi yetu ni ya joto, weka nzito» ilifaa injini za zamani zenye nafasi kubwa ndani. Fuata kitabu.

Mlio mzito wa ko-ko-ko unaoongezeka ukikanyaga mafuta ni beringi za konrodi (vyuma vinavyounganisha pistoni na krenki). Zima. Hapo hakuna ukaguzi wa nyumbani.

Oili imekuwa kama chai ya maziwa

Utandu mwembamba chini ya kifuniko cha kujazia pekee, stiki ikiwa safi, ni unyevu. Gari la safari fupi mjini, hasa pwani, halipati joto la kutosha kuukausha. Liendeshe nusu saa mfululizo barabara kuu. Lakini stiki nayo ikiwa na maziwa, na maji ya rejeta yanapungua, hedi gasketi inapitisha maji. Usiwashe tena: maji hayalainishi beringi.

Oili inapungua wiki baada ya wiki

Rangi kuwa nyeusi mapema si ugonjwa, hasa kwa dizeli, oili inasafisha. Kupungua ndiko kwa kufuatilia. Kwanza hakikisha dumu lilikuwa halisi: sili ya kifuniko nzima, maandishi hayafutiki kwa kidole, duka lina risiti. Kisha andika kilomita na usomaji wa stiki kila Jumamosi asubuhi gari likiwa baridi na mahali palepale.

Injini za Toyota 1ZZ-FE za miaka ya mwanzo zinajulikana kwa kula oili kwa sababu ya muundo wa pistoni na ringi zake, kwa hiyo mwenye gari la namna hiyo atembee na lita 1 kwenye buti. Toyota huandika kwenye vitabu vyake kikomo cha lita 1 kwa kilomita 1,000. Daftari lako likifika hapo bila tone chini ya gari, mpelekee fundi pamoja na daftari hilo, umwombe apime komprasheni (mgandamizo ndani ya silinda), kwanza kavu, kisha baada ya kutia kijiko cha oili katika kila silinda. Namba zikipanda mara ya pili, tatizo ni ringi.